Kupoza Intakula kwa Gesi ya CO2: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari la Turbo

Jumamosi moja kijana alikuja gerejini na Subaru Impreza, ile ambayo intakula yake (kipozeo cha hewa inayobanwa na turbo) imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Shida yake aliieleza hivi: "Fundi, asubuhi hii gari inaruka. Nikishakaa foleni ya Thika Road nusu saa, halafu nikanyage, inavuta kama matatu iliyojaa." Kwenye buti alikuwa na mtungi wa gesi aliokwisha kuununua, na kwenye simu video ya Mmarekani anayepulizia intakula yake moshi mweupe. Alitaka nimfungie siku hiyo hiyo.

Nilimwambia mtungi ushuke kwanza. Tukachomeka waya wa kipimajoto kwenye paipu itokayo kwenye intakula kwenda kwenye injini, tukaiacha gari ikinguruma juani dakika ishirini. Kipimo kikasoma nyuzi 71. Gari haijasogea hata hatua moja, na hewa inayoingia kwenye silinda ina joto la chai ambayo bado huwezi kuinywa bila kuipuliza.

Haya yanayofuata ni yale tuliyofanya na gari hiyo, kwa mpangilio ule ule. Gesi imo, ila usishangae ikichelewa kutajwa, na ni ya mbio fupi za uwanjani, si ya barabarani.

Joto linatoka wapi

Injini haichomi petroli peke yake. Inachoma petroli na oksijeni, na oksijeni huhesabiwa kwa uzito wa hewa iliyoingia, wala si kwa ukubwa wa nafasi iliyojaa. Hewa ikipata joto hutanuka, hivyo silinda ile ile inajaa hewa nyepesi. Ukitaka kufanya hesabu, jumlisha 273 kwenye nyuzi za Selsiasi kisha ugawanye. Hewa ya nyuzi 60 ni 333, ya nyuzi 40 ni 313. Gawa 333 kwa 313 upate 1.064: kwa presha ile ile ya turbo, umeongeza hewa kwa asilimia sita na ushee. Njia ya mkato ni kwamba kila nyuzi tatu unazoshusha zinakuletea karibu asilimia moja.

Turbo yenyewe ndiyo jiko. Ikibana hewa inaipasha, na hapa wengi wa Nairobi wanajidanganya kwamba baridi ya kwetu inatusaidia. Chukua turbo inayosukuma baa moja (baa ni kipimo cha presha) juu ya presha ya nje, ikiwa na ufanisi wa asilimia 70. Mombasa, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, inatoka kwenye turbo ikiwa karibu nyuzi 125. Nairobi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 25 tu, inatoka ikiwa karibu 133. Sababu ni mwinuko. Huku juu presha ya hewa ni kama baa 0.83, kwa hiyo turbo inalazimika kuizidisha mara 2.2 ilhali Mombasa inaizidisha mara mbili tu. Intakula nzuri ikiondoa asilimia 70 ya joto hilo, miji yote miwili inaishia kwenye nyuzi 57 au 58. Huo ni mwendo wa kawaida, upepo ukipita vizuri. Kwenye foleni upepo haupo, na intakula iliyokaa juu ya injini inageuka kuwa sufuria.

Kuna hasara ya pili, na mara nyingi ndiyo kubwa zaidi. Hewa ya moto huifanya injini ianze kugonga, mafuta yakilipuka kabla ya zamu yake. Kompyuta ya gari ikisikia kugonga huko inarudisha nyuma muda wa cheche ili kuokoa pistoni, na nguvu inapotea hapo hapo. Ndiyo maana mtu anapoza hewa kwa nyuzi ishirini halafu anahisi tofauti kubwa kuliko asilimia sita.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua

Usitegemee kipimo cha joto la hewa unachokiona kwenye simu kupitia kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari. Kwenye Impreza nyingi za turbo, sensa hiyo iko ndani ya kipima hewa karibu na filta, yaani kabla ya turbo. Itakuambia nyuzi 32 huku silinda zinameza hewa ya nyuzi 70. Nunua waya wa thermokapo (waya wa kupimia joto) wa aina ya K pamoja na kisomeo chake, toboa paipu baada ya intakula, funga kwa kiungio cha shaba, hakikisha hakivuji presha.

Kisha nenda kwenye uwanja uliofungwa ukapime mara tatu: gari ikiwa imepoa, baada ya dakika ishirini ya kunguruma, na mara baada ya mbio ya pili mfululizo. Andika joto la kuanzia na la kumalizia. Ukikuta gari inaanza na nyuzi 70 na kumaliza na 55, shida yako ni joto la kusimama. Ikianza na 40 na kumaliza na 75, intakula yako ni ndogo kwa presha unayoisukuma. Magonjwa hayo mawili yana dawa tofauti, na gesi inatibu lile la kwanza vizuri zaidi kuliko la pili.

Hatua ya pili: vya bure

Kwa yule kijana tulitoa intakula na kuiosha. Mapezi yake yalikuwa yamejaa vumbi jekundu na mabawa ya wadudu. Ule mpira wa kuziba kati ya tundu la boneti na intakula ulikuwa umekatika nusu, kwa hiyo hewa ya mbele ilikuwa inapita pembeni badala ya kupita kati ya mapezi. Tukaweka mpya. Tukaweka na bati la kuzuia joto chini, upande wa turbo. Tukapima mivujo ya presha kwenye mapaipu kwa povu la sabuni, tukakuta klipu moja imelegea.

Kazi hiyo ya nusu siku peke yake ilishusha joto la mwendo kwa nyuzi tisa. Hakuna gesi hata chembe.

Ukitaka kwenda mbele kidogo, puliza maji. Baadhi ya Impreza STI na Lancer Evolution zilitoka kiwandani na tangi dogo la maji na pua ya kunyunyizia intakula, na hao Wajapani hawakuwa wajinga. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto la kilojuli 2,400 hivi. Kilo moja ya CO2 ya maji (yaani CO2 iliyo kimiminika, si maji ya kunywa), ukiitumia vizuri, inabeba karibu 250. Hata barafu ya wauza samaki inaishinda gesi: kilo moja ikiyeyuka tu inameza kilojuli 334. Kwa nini basi mtu atumie gesi? Kwa sababu maji hayawezi kushusha kitu chini sana ya joto la hewa, hasa Mombasa ambako hewa yenyewe imeshalowa na maji hayakauki haraka. Na barafu huwezi kuibeba juu ya intakula ukiwa kwenye mwendo. Gesi inafika haraka, inafika baridi kupita kiasi, na haiachi dimbwi mbele ya mwenzako anayesubiri zamu.

Gesi ipi, na ipi uiache

CO2 ndiyo ya kazi hii. Ikiwa ndani ya mtungi kwenye nyuzi 20 iko katika hali ya maji, kwa presha ya baa 57. Ukiifungulia hewani inageuka theluji na mvuke wa nyuzi 78.5 chini ya sifuri papo hapo. Haiwaki, na inapatikana. Ni gesi ile ile inayotia povu kwenye soda na bia, na ile ya mafundi wa kuchomea. Huku Kenya Carbacid huichimba ardhini kule Kereita, Kiambu; Tanzania, TOL Gases huitoa Rungwe, Mbeya, ambako milima ya volkano inaipumua yenyewe.

Nitrous, ile gesi ya kuongeza nguvu ya injini, inapoza zaidi kidogo, lakini inabeba oksijeni. Ikipuliziwa nje ya intakula kisha ikafyonzwa kwenye filta bila mafuta ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inayeyuka. Iache kwa wenye mfumo kamili wa nitrous. Gesi ya kupikia inawaka, na umeipeleka juu ya turbo nyekundu. Sihitaji kueleza zaidi. Oksijeni, hata usiifikirie. Hewa ya kompresa haina maana, kwa sababu haipo katika hali ya maji, na baridi inayotoka nayo ni ndogo mno.

Jambo moja ambalo watu hulichanganya: CO2 haiingii ndani ya injini. Inapita nje ya mapezi ya intakula, na hewa inayopita ndani inapozwa na ukuta wa alumini. Ukiielekeza kwenye filta, kila asilimia moja ya CO2 inayoingia inaondoa asilimia moja ya oksijeni, na unapoteza kile ulichokuja kutafuta.

Hesabu ya mtungi

Injini ya lita mbili inayotoa nguvu za farasi 250 inavuta kama gramu 190 za hewa kwa sekunde. Kuipoza hewa hiyo kwa nyuzi 20 zaidi kunahitaji karibu kilowati 3.8. Kwa mbio ya sekunde kumi ni kilojuli 38. Kwenye karatasi, gramu 150 za CO2 zinatosha. Kwa kweli nusu yake inapeperuka kabla ya kugusa kitu, kwa hiyo panga gramu 300.

Upande wa pili kuna uzito wa intakula yenyewe. Alumini ya kilo tatu inahitaji kilojuli 2.7 kushuka nyuzi moja. Ukiipoza kwa nyuzi 40 kabla ya kuondoka, umeweka akiba ya kilojuli 108, na akiba hiyo inakidhi mahitaji ya mbio nzima. Hapo ndipo barafu inarudi: ukiwa kwenye foleni ya kusubiri zamu, weka mfuko wa barafu uliofungwa vizuri juu ya intakula, utoe dakika moja kabla ya kuitwa. Gesi uitumie kwa mbio yenyewe. Kijana alicheka nilipomwambia anunue barafu ya shilingi mia. Baadaye hakucheka.

Vifaa

Mtungi wa kilo 4.5 unatosha. Uwe na mrija wa ndani unaofika chini, ili kinachotoka kiwe maji ya CO2. Mtungi usio na mrija unatoa mvuke tu, na mvuke hauna baridi ya maana. Mwulize muuzaji moja kwa moja, kwa sababu mitungi mingi ya kuchomea na ya baa za vinywaji haina mrija huo. Angalia tarehe ya upimaji iliyogongwa shingoni. Mtungi wenye kutu, uliopakwa rangi juu ya namba, au uliong'olewa kwenye kizima moto na kubadilishwa vali, uache pale pale.

Utahitaji hosi ya chuma iliyosukwa yenye ndani ya teflon, ukubwa wa robo inchi, inayohimili presha ya CO2 ya maji. Mpira wa kawaida hunyonya gesi hii, kisha ukilegeza presha unapasuka ndani kwa ndani. Chukua solenoidi (vali inayofunguliwa na umeme) ya volti 12 iliyotengenezwa kwa CO2 au nitrous. Solenoidi ya gesi ya kupikia au ya maji haifai. Ongeza filta ndogo ya shaba kabla ya solenoidi, vali ya kutoa presha, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya ampea 30, fyuzi ya ampea 20, swichi, na bomba la shaba la kutengenezea mpulizio, yaani bomba lenye matundu ya kutolea gesi.

Ukiwa na pesa, kuna vifaa vilivyokamilika kutoka Marekani, kama CryO2 ya Design Engineering au N-tercooler ya Nitrous Express. Mimi napenda kutengeneza mpulizio mwenyewe kwa sababu hakuna intakula mbili zinazofanana, lakini solenoidi na hosi sitengenezi wala sibahatishi.

Kufunga mtungi

Mtungi huo ukijaa una uzito wa kilo kumi na moja hivi. Kwenye ajali kubwa unaweza kujaribu kuruka kwa nguvu zaidi ya mara ishirini ya uzito huo, kuelekea kichwani kwako. Mshikio wa plastiki na mikanda ya kubana mizigo havifai. Tengeneza kiti cha chuma chenye vibano viwili, boliti za milimita nane zipite kwenye sakafu ya buti, na chini yake weka bamba la chuma la kupanua nguvu. Kitako cha mtungi kielekee nyuma na vali iwe mbele na juu kidogo, maana ukikanyaga maji ya CO2 yanarudi nyuma, na mrija unapaswa kuyakuta huko.

Sasa sikiliza kwa makini. Kilo 4.5 za CO2 zikivuja zinatoa gesi ya mita za ujazo 2.4 hivi, na ndani ya gari la kawaida kuna mita za ujazo tatu tu. Gesi hii haina harufu na ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Ikifika asilimia tano ya hewa kichwa kinauma na unahema; kwenye asilimia kumi unazimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mlango wa dharura wa vali, ule wenye kisahani kinachopasuka presha ikizidi, uunganishwe na bomba linalotokea nje ya gari, chini ya sakafu. Gari lisilo na ukuta kati ya buti na viti lijengewe boksi la bati lililozibwa.

Impreza ina mtego wake. Hewa ya ndani huvutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, karibu kabisa na intakula unayoipulizia. Ukipuliza gari likiwa limesimama, funga hewa ya nje na ufungue madirisha.

Joto la mtungi

Kwenye video utaona watu wanavisha mtungi blanketi la umeme ili kuupasha. Hao wanapasha nitrous ya kuingiza ndani ya injini, wanataka presha. Wewe unataka kinyume chake.

CO2 inaacha kuwa maji kabisa ikipita nyuzi 31. Mwaka juzi tulishuka na gari nyingine hadi Mombasa. Mtungi ulilala kwenye buti juani asubuhi nzima, na sindano ya kipimo ikawa imepita baa 95. Tulipobonyeza, solenoidi ililia, kikatoka kitu kama mvuke wa chai, hakuna theluji. Joto la hewa lilishuka nyuzi sita tu kisha likapanda. Ndani ya ule mtungi hapakuwa na maji tena, kulikuwa na gesi nzito isiyo na sehemu ya juu wala ya chini. Tukauzamisha kwenye deli la kuuzia samaki lililojaa barafu na maji kwa saa moja hivi. Sindano ikashuka hadi baa 50, na mbio iliyofuata intakula ikawa nyeupe kama friza.

Kwa kumbukumbu, kwenye nyuzi 10 mtungi husoma baa 45, kwenye 20 husoma 57, kwenye 30 husoma 72. Lenga kati ya 45 na 57. Na usikubali mtu akujazie zaidi ya theluthi mbili ya kilo kwa kila lita ya ujazo wa mtungi, hata akisema anakupendelea.

Mpulizio

Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. CO2 ikishuka chini ya baa 5.2 haiwezi kubaki maji, inageuka barafu. Matundu yako yakiwa makubwa kuliko njia ya solenoidi, presha inashuka ndani ya bomba, barafu inaganda humo humo, na mpulizio unaziba sekunde ya tatu. Jumla ya matundu yote lazima iwe ndogo kuliko tundu la solenoidi. Mfano: solenoidi yenye tundu la milimita 2 ina eneo la milimita za mraba 3.1. Matundu sita ya milimita 0.5 yana jumla ya 1.2 hivi. Hapo uko salama, na maji yanafika kwenye tundu la mwisho yakiwa bado maji.

Pinda bomba la shaba la milimita sita liwe kama herufi U juu ya mapezi, sentimita tano hadi nane kutoka kwenye intakula. Ziba mwisho kwa kuchomelea fedha; risasi ya redio haivumilii. Toboa kwa drili ya kusimama na biti ya milimita 0.5, taratibu, kwa mafuta kidogo, kisha upulize vipande vyote vya shaba vitoke. Biti utavunja. Nunua tano.

Matundu yatazame katikati ya mapezi. Intakula nyingi za kiwandani za Impreza zina vichwa vya plastiki pembeni, na plastiki iliyopigwa na nyuzi 78 chini ya sifuri huku ndani ina presha ya turbo inapasuka kama kigae.

Viunganisho vya koni havihitaji tepu ya teflon, vinaziba chuma kwa chuma. Vya theredi ya bomba ndivyo vinavyohitaji, na uanze kuzungusha tepu theredi ya pili ili vipande visiende kuziba matundu.

Umeme

Kutoka betri pita fyuzi, nenda rilei, kutoka rilei nenda solenoidi, kwa waya wa milimita 2.5. Upande mdogo wa rilei upitie vitu vitatu vilivyofuatana: swichi kuu yenye kifuniko, swichi ndogo inayobonyezwa na pedali ikifika sakafuni, na swichi ya presha inayofunga turbo ikianza kusukuma. Kimoja kikikosa, hakuna gesi. Kwa kupoza kabla ya kuondoka, weka kitufe cha kubonyeza kinachoruka vile viwili vya mwisho, lakini kisiruke swichi kuu.

Solenoidi hizi hazikuundwa kubaki wazi muda mrefu. Sekunde kumi na tano, basi, uipumzishe.

Jaribio la mizani

Vaa miwani na glavu za ngozi. Fanya nje, si ndani ya gereji. Ning'iniza mtungi kwenye mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, andika uzito, bonyeza sekunde kumi, andika tena. Unatafuta gramu 300 au karibu. Ikiwa ni 150, angalia tundu lililoziba au mtungi wa joto. Ikiwa ni 600, umetoboa makubwa. Kwa Impreza yetu mara ya kwanza ilikuwa gramu 210. Tundu moja lilikuwa na kipande cha shaba. Tulipolisafisha ikawa 295.

Angalia pia theluji inaangukia wapi. Iwe mstari mweupe sawasawa kwenye mapezi. Ikijaa upande mmoja, zungusha bomba. Ikirundikana hadi kuziba nafasi kati ya mapezi, umepuliza mno. Huko Pwani unyevu wa hewa nao unaganda, na mapezi yaliyozibwa na barafu hayapitishi upepo. Nusu ya pili ya mbio inakuwa mbaya kuliko kama usingepuliza kabisa.

Uwanjani

Soma kanuni za kundi lako kwanza, kwa sababu waandaaji wengine hukataza kupoza kwa gesi. Barabara ya umma si mahali pa haya yote.

Mpangilio tunaoutumia: barafu juu ya intakula ukisubiri zamu, barafu inatoka, madirisha wazi, mpulizo wa sekunde tatu gari likiwa tayari kwenye mstari, kisha pedali inafanya kazi yake. Injini ikikohoa wakati wa ule mpulizo wa kwanza, inameza CO2 kupitia filta, kwa hiyo ongeza kizuizi cha bati upande huo. Gari ya kijana sasa inaanza na nyuzi 30 na kumaliza na 41. Mpaka leo hatujagusa programu ya kompyuta yake; muda wa cheche uliokuwa ukirudishwa nyuma haurudishwi tena, basi.

Kila mbio inakula gramu 390 hivi, pamoja na ule mpulizo wa kwanza. Kilo ya mwisho haihesabiwi, kwa sababu mrija unaanza kuvuta mvuke. Hiyo ni mbio nane kwa mtungi mmoja.

Ukimaliza siku, funga vali ya mtungi, kisha ubonyeze kitufe hadi hosi iache kulia. Usiruke hatua hii. Maji ya CO2 yakifungiwa kati ya vali na solenoidi halafu jua likayapata, hayana pa kutanukia, na presha inapanda hadi kitu kipasuke. Ile vali ya kutoa presha kwenye hosi ipo kwa ajili ya siku utakayosahau. Toa mtungi kwenye gari kabla ya kuendesha kurudi nyumbani, upime, uandike uzito kwenye kipande cha plasta shingoni mwake, na uuhifadhi umesimama kivulini, mahali penye upepo.